Nilivyofufua Wafu kwa Kusahau Mstari Mmoja

Leo narudi na historia, lakini hii lazima ianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa atachimenti katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi, nilipewa kazi iliyoonekana rahisi kabisa. Chama kilikuwa kinahama kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Mkubwa wangu akaniambia, "Chukua wanachama walio hai peke yao kutoka databesi ya zamani, uwaweke kwenye mpya. Waliojitoa na waliofariki waache hukohuko." Nikajibu sawa. Ni kunakili tu, nikajiambia. Nani hawezi kunakili?

Nikaandika amri, ikakataa. Mfumo wa zamani uliandika tarehe kwa siku, mwezi, mwaka, na ule mpya ulitaka mwaka utangulie. Nikarekebisha, ikakataa tena. Mara ya tatu nikaipunguza amri ili nione shida iko wapi, nikaondoa mstari wa mwisho. Ikakubali! Nikaenda kula chapo madondo kama mtu aliyeshinda kura. Mstari niliouondoa ndio uliokuwa unasema "walio hai peke yao."

Sasa, mfumo mpya ulikuwa umepangwa kumtumia kila mwanachama anayeingizwa ujumbe wa kumkaribisha. Niliporudi simu ya ofisi ilikuwa inalia. Nikaishika mimi.

"Mwanangu," mama mmoja akaniambia, taratibu kabisa, "mmetuma ujumbe kwa simu ya mume wangu. Mnamkaribisha. Nilimzika miaka minne iliyopita."

Nikakosa la kusema. Nikamwambia, "Pole sana, mama. Ni makosa yetu." Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwani kwenu huko hamjui kwamba amekufa?"

Swali hilo limekaa nami tangu siku ile. Kwa sababu tulijua. Databesi ya zamani ilijua vizuri sana, iliandikwa hapo "amefariki." Ni mimi niliyebeba jina na namba yake ya simu nikaacha habari ya kifo chake nyuma. Ndipo nikaanza kuchimba: hii kazi ya kuchagua watu kutoka orodha moja na kuwahamishia orodha nyingine ilianzia wapi, na kwa nini ni rahisi hivi kukosea?

Tuanze kabla ya kompyuta.

Kwa muda mrefu kazi hii ilifanywa na karani mwenye daftari mbili na kalamu. Anasoma mstari huku, anaandika kule. Anaporuka mtu, huyo mtu hayupo. Hapa kwetu, mfano unaouma zaidi ni kipande. Sheria ya kusajili wanaume Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama zake za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma.

Watu wengi wanakumbuka kile kikopo tu, lakini nguvu ya kipande haikuwa shingoni. Nguvu yake ilikuwa kwenye daftari kuu lililokuwa Nairobi. Karatasi uliyoivaa ilikuwa na mwenzake huko ofisini. Ukitoroka shamba la mzungu, mzungu anaripoti, karani anatafuta, na rekodi yako inatoka kwenye orodha ya wafanyakazi inaingia kwenye orodha ya wanaosakwa. Ni wewe yuleyule, na vidole vilevile, ila jedwali limebadilika. Na hukuulizwa kwa nini ulitoroka. Pengine hukulipwa, pengine ulipigwa. Kwenye karatasi hiyo hakukuwa na nafasi ya kuandika maoni ya anayeivaa.

Shikilia wazo hilo, tutalirudia.

Huko Marekani nako walikuwa na shida yao. Hesabu ya watu ya 1880 iliwachukua karibu miaka minane kuichambua. Nchi ilikuwa inakua, na hofu ikawa kwamba hesabu ya 1890 ingefika kabla ya ile ya nyuma kuisha vizuri. Mhandisi mmoja kijana, Herman Hollerith, akaja na kadi. Kila mtu anapata kadi yake, na matundu yanatobolewa kulingana na umri wake, kazi yake, mahali alipozaliwa. Mashine inapitisha sindano kwenye matundu hayo na kuhesabu kwa umeme. Kwa njia hiyo wakahesabu zaidi ya watu milioni 62.

Sehemu niliyoipenda ni sanduku la kupangia. Lilikuwa na vyumba vidogo vyenye vifuniko. Karani akiweka kadi kwenye mashine, na matundu yakalingana na sharti lililowekwa, kifuniko cha chumba kimoja kinafunguka chenyewe. Karani anatumbukiza kadi humo, anachukua nyingine. Fikiria hilo: unataka wanawake wajane waliozaliwa nje ya nchi peke yao? Funga nyaya vizuri, na mashine itakuchagulia. Sharti lilikuwa waya. Kampuni ya Hollerith iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na 1924 ikapewa jina unalolijua: IBM.

Kompyuta zilipokuja, rekodi zikahamia kwenye kanda na disiki, lakini fikra ikabaki ya zamani. Miaka ya 1960 IBM ilitengeneza mfumo uitwao IMS, uliotumika kwenye mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini. Ulipanga data kama mti: shina, tawi, kitawi, jani. Ukitaka jani fulani ilibidi uijue njia nzima ya kulifikia. Ni kama kumwelekeza mgeni Nairobi kwa kumwambia shuka hapa, pita kwa yule mama wa mboga, kata kona penye bango la rangi ya samawati. Siku mama wa mboga akihama, mgeni amepotea. Vivyo hivyo, ukibadilisha mpangilio wa data, programu zote zilizoitegemea njia ile zinavunjika.

Hapo ndipo anapoingia mzee ninayemheshimu sana, Edgar Codd. Alikuwa Mwingereza, aliwahi kurusha ndege katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akawa mwanahisabati wa IBM kule San Jose, California. Mwaka 1970 alichapisha makala moja iliyobadilisha kila kitu. Alisema: acheni miti, wekeni data kwenye majedwali. Mistari na safu, basi. Na mtu anapotaka kitu, aseme anataka nini. Njia ya kukifikia ni kazi ya mashine.

Ndani ya wazo hilo kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu analipita haraka, na ndilo lililonipeleka mimi kwenye ile simu ya mama. Codd alionyesha kwamba ukichagua kutoka jedwali, unachopata pia ni jedwali. Ukichukua jedwali la wanachama ukasema nipe walio hai, jibu lenyewe lina mistari na safu. Na kama jibu ni jedwali, unaweza kulimimina moja kwa moja ndani ya jedwali jingine. Hakuna karani katikati. Hakuna jicho linalopita kwenye kila jina.

Wafanyakazi wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatengeneza lugha ya kuongea na majedwali hayo. Walitaka mtu asiye mwanahisabati aweze kuitumia. Waliiita SEQUEL na kuiwasilisha mwaka 1974. Boyce alifariki mwaka huohuo akiwa bado kijana, hakuona ilikofika kazi yake. Jina nalo likabadilishwa kwa sababu kampuni moja ya ndege ya Uingereza ilikuwa inalimiliki, likabaki SQL. IBM yenyewe ilichelewa kuuza, kwa hiyo kampuni ndogo ambayo leo tunaijua kama Oracle ikaiwahi sokoni mwaka 1979. Na hapa kuna kichekesho: toleo lao la kwanza kuuzwa waliliita toleo la 2, kwa sababu nani atanunua toleo la 1?

Katika lugha hiyo, kazi niliyopewa ni sentensi moja. INSERT INTO, yaani ingiza ndani ya jedwali hili. SELECT, chagua safu hizi. FROM, kutoka jedwali lile. Mwisho kabisa, WHERE. Kwa Kiswahili ni "ambapo." Ambapo mtu yuko hai. Ambapo amelipa. Ambapo anaishi Kenya.

Angalia vizuri: maneno matatu ya kwanza lazima uyaandike, la sivyo amri haifanyi kazi. Lile la nne ni hiari. Ukilisahau, mashine haitakuuliza kama una uhakika. Inachukua wote, walio hai na waliozikwa, na inakuambia imemaliza.

Lakini hadithi haijaisha, maana databesi zangu zilikuwa mbili tofauti, kila moja na kampuni yake. Na huu ndio ukuta uliowasumbua watu kwa miaka mingi. Lugha ya SQL ilipewa kanuni rasmi Marekani mwaka 1986 na kimataifa 1987, lakini kila kampuni ilibaki na lahaja yake, kama vile Mkenya na Mtanzania wote wanaongea Kiswahili halafu mmoja anasema "matatu" na mwingine "daladala." Tarehe tofauti. Namna ya kuandika kweli na si kweli, tofauti.

Njia ya zamani zaidi ya kuvuka ukuta ni kutoa data kwenye faili la maandishi yaliyotenganishwa kwa alama za mkato, halafu kulisoma upande wa pili. Njia hii bado iko kila ofisi. Shida yake ni kwamba faili la maandishi halijui chochote. Kwenye databesi, namba ya simu ilihifadhiwa kama maandishi. Kwenye faili, ni tarakimu tu. Ukilifungua kwa programu ya hesabu inadhani ni kiasi cha pesa, inaondoa sifuri ya mbele kwa nia njema kabisa, na 07 inakuwa 7. Kama umewahi kuona orodha ya chama au ya harambee ambayo namba zote za simu zina tarakimu tisa, sasa unajua kilichotokea.

Watu wakatafuta njia bora. Mwaka 1992 Microsoft ikaleta ODBC, kama mkalimani anayewezesha programu moja kuongea na databesi za kampuni nyingi. Baadaye kanuni za SQL zikaongezwa sehemu ya kuona data iliyo nje kana kwamba iko ndani. PostgreSQL ikaanza kutumia mtindo huo mwaka 2011: jedwali liko kwenye seva nyingine kabisa, lakini wewe unaliandikia SELECT kama liko kwako. Hata SQLite, databesi ndogo iliyotoka mwaka 2000 na ambayo imo ndani ya simu uliyoishika sasa hivi, ina neno moja tu, ATTACH, la kufungua faili la pili kando ya la kwanza ili unakili kati yao.

Na kuna Jim Gray. Huyu alishughulikia swali la nini kinatokea umeme ukipotea katikati ya kazi. Fikiria M-Pesa: pesa imetoka kwako, haijafika kwa mwenzako, na mtandao umekatika. Iko wapi? Gray na wenzake wa miaka ya 1970 walitengeneza msingi wa jibu: ama yote yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Databesi zikiwa mbili, kwanza kila moja inaulizwa "uko tayari?" na zote zikisema ndiyo, ndipo zinaambiwa "fanya." Alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Mwaka 2007 aliondoka San Francisco na mashua yake peke yake, na hakuonekana tena.

Kwa hiyo hebu tuhesabu. Codd alitupa majedwali. Chamberlin na Boyce wakatupa lugha. Gray akatuhakikishia kwamba hakuna kitu kitapotea njiani. Kila tatizo la kubeba rekodi lilipata mtu wa kulifikiria.

Nani alifikiria kuhusu mtu aliye ndani ya rekodi?

Twende Garissa. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, watu wakakimbilia Kenya, na kambi za Dadaab zikajengwa. Ndani ya kambi kulikuwa na chakula, matibabu na shule. Nje ya kambi, palepale jirani, kulikuwa na familia za Wakenya zilizopigwa na ukame na kusahauliwa na serikali yao. Baadhi ya wazazi wakafanya kile ambacho mzazi yeyote mwenye mtoto mwenye njaa angekifanya: wakawaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wale.

Watoto hao wakakua. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho kama wewe na mimi. Alama zao za vidole zikalinganishwa na zilizo kwenye databesi ya wakimbizi. Zikapatana. Jibu likatoka: wewe ni mkimbizi, huwezi kuwa Mkenya. Maelfu ya vijana wakakwama hapo, wengine kwa miaka na miaka, na suala lao limefika hadi mahakamani. Na nchini kwetu unajua maana ya kukosa kitambulisho. Huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, hupigi kura, kila kizuizi cha polisi ni mtihani.

Kiufundi hakuna kilichoharibika. Vidole vilikuwa vyake kweli. Rekodi ilikuwepo kweli. Mashine ilifanya ilichoambiwa: kataa ambapo alama zinapatana na za wakimbizi. Kilichokosekana ni njaa. Njaa ya mwaka ule haikuwa na safu kwenye jedwali, kwa hiyo haikuweza kusafiri pamoja na rekodi. Ni kipande kilekile. Karani wa mkoloni hakuandika kwa nini ulitoroka, na databesi haikuandika kwa nini mama yako alipanga foleni.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema haya mambo ni ya wataalamu wa kompyuta peke yao. Mwaka 2019 serikali ilipoanza kusajili watu kwa Huduma Namba, mpango ulikuwa kuleta habari zetu kutoka sehemu nyingi ziwe mahali pamoja. Watu wengi waliona foleni na fomu. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango unaweza kuendelea, lakini kwanza kuwe na sheria na utaratibu wa kutosha wa kulinda data, na ikakataza kuchukua vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setelaiti. Kwa lugha ya hadithi yetu, majaji waliwaambia wakubwa wa mradi: hizi safu mbili hamzichagui. Jina la mradi limebadilika tangu hapo, siku hizi tunasikia Maisha Namba, lakini kazi ya kunakili haijakoma na haitakoma.

Sisemi tuache kunakili. Bila kunakili hupati mkopo wa chuo, huhami hospitali na faili lako, hupigi kura. Ninachosema ni kwamba neno "ambapo" si la kompyuta. Ni uamuzi wa mtu, umeandikwa na mtu, saa nyingine na atachimenti mwenye njaa anayewaza madondo. Na nakala haijui kilichobaki nyuma. Ukishaitenga na ilikotoka, inaendelea kusema kilekile hata ukweli ukibadilika.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari gani wanayo kukuhusu, na haki ya kudai irekebishwe ikiwa si kweli. Itumie. Benki, chuo, aplikesheni ya mkopo, popote. Uliza walikupata kutoka orodha gani. Na kama wewe ndiye utakayekaa kwenye kibodi siku moja, andika "ambapo" kabla hujaandika kitu kingine chochote, hesabu mistari kabla hujanakili na baada ya kunakili, halafu chagua majina kumi uyasome kama majina ya watu.

Mimi siku ile nilifuta kila kitu nikaanza upya. Hesabu ikatoka sawa, mkubwa wangu akaridhika. Kabla sijaondoka nikampigia yule mama nikamwambia tumerekebisha, jina la mzee halitasumbuliwa tena.

Akanishukuru. Halafu akaniomba nisilifute kabisa. "Liache tu kule kwa zamani," akasema. "Aliweka akiba hapo miaka ishirini."

Nikamwambia lipo, mama. Halijaguswa.